Maji ya Gauni

Newala, upande wa Makote
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu mpendwa Hilda,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya kikombe cha chai pembeni, nikajua uliisoma tena mezani kabla ya kuifunga, na nikajua pia kwamba ulikuwa na wasiwasi. Mguu wa Mama unaendeleaje? Baba bado anang'ang'ania kwenda kanisani kwa baiskeli, au amekubali kutembea kama wenzake? Na Samweli wako, meno yameshaota? Mimi mwilini sina ugonjwa wowote. Baridi ya asubuhi huku juu nimeizoea, na muhogo nimeuzoea. Roho tu ndiyo haitulii, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukinifunga vifungo vya gauni nikiwa mtoto, unajua nilivyokuwa nikiponyoka kabla hujafika cha mwisho.

Umeniuliza kama nimefiwa. Ukauliza tena, kwa maneno ya kuzunguka, kama kuna mchumba aliyekufa ambaye sikuwaambia, au kama nimeingiwa na nia ya utawa. Yote kwa sababu niliandika kwamba ukipata kitambaa cha rangi ya giza, kizito kidogo, kisichochuja, unitumie. Nisamehe, dada. Barua ile niliiandika huku dereva wa lori akipiga honi. Sijafiwa, na utawa haujanijia. Ni habari ya nguo tu. Lakini habari hiyo ya nguo imenigombanisha na watu, imenipatanisha na watu, na imenigusa mahali ambapo sikujua nguo inaweza kufika. Kwa hiyo kaa chini, mpe Samweli kitu cha kushika, nikueleze tangu mwanzo.

Unayakumbuka yale magauni mawili meupe uliyonishonea nilipopata barua ya kuja kufundisha kusini. Bafta safi, moja lenye ukosi wa lesi uliyoifungua kwenye gauni lako la harusi, jingine la kawaida. Nilipofika hapa nilishukuru mno, maana walimu wanawake wa shule hii huvaa nyeupe, darasani na kanisani. Ndivyo Bibi Mkuu alivyoikuta desturi. Bibi Mkuu ni Mwingereza anayeisimamia shule, mama mrefu, mpole, asiyependa kitu kibadilishwe mahali pake. Aliniangalia nilivyovaa siku ya kwanza akasema, "Vizuri sana, Mwalimu Ruti," nami nikatembea uwanja mzima kichwa juu.

Kwetu Muheza gauni jeupe si kazi. Mto uko nyuma ya nyumba, unafua huku unapiga soga, unaanika, umemaliza. Huku hakuna mto. Nchi hii ya Umakonde imeinuka juu, udongo wake ni mchanga mwekundu, na mvua hata inyeshe vipi inazama yote isionekane tena. Maji yako chini, kwenye chemchemi za mabondeni, na kuyafikia ni kuteremka ukingo mkali kwa njia nyembamba yenye mawe na mizizi. Wanaoteremka ni wanawake na wasichana. Watu wa serikali wenye vyombo vya kupimia wameshapita, na inasemekana mabomba yatakuja, lakini kwetu bado hayajafika.

Mimi nilipofika nililikuta debe la maji mlangoni kila asubuhi, nikadhani ndivyo shule ilivyo. Wasichana wa bweni wana zamu ya kuwatekea walimu. Sikuuliza. Nakaa nyumba moja na Mama Danieli, mwalimu wa madarasa ya wadogo na wa ushonaji. Ni mjane, mwenyeji wa Masasi, wa familia ya Wakristo wa zamani kabisa wa misheni. Huyu mama, dada, hata Jumatatu ukimwona utadhani ni Pasaka. Alinifundisha kutia buluu kidogo katika maji ya mwisho ya kusuuza, kutengeneza kanji ya muhogo ya kukazia nguo, kupiga pasi ya mkaa nguo ikiwa na unyevu. Nikawa nang'aa kama yeye. Nikajiona mtu.

Ukaja msimu wa mabibo. Ndiyo matunda ya mkorosho, mengine mekundu, mengine manjano, na ile korosho yenyewe inaning'inia chini yake. Yana maji mengi na utamu unaokaba koo. Nilikula moja nimesimama, kama mtoto, na maji yake yakashuka kifuani mpaka kiunoni. Wasichana walipiga kelele. "Mwalimu, bibo halitoki!" Sikuamini. Nikafua. Nikaomba debe jingine, nikafua tena, nikaanika juani, nikafua. Doa likazidi kuiva, likawa kahawia kama kutu. Wakati huo mvua zilikuwa bado, na chemchemi zimepungua kuliko wakati wowote wa mwaka, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye doa.

Jumamosi moja nikasema niende na wasichana bondeni, ninyooshe miguu. Kuteremka nilicheka nao. Tulipofika tulikuta foleni ya wanawake wamekaa kwenye mawe, wengine na watoto mgongoni, wakingoja maji yajikusanye kwenye kishimo, yachotwe kwa kibuyu, yangojwe tena. Hakuna aliyecheka pale. Kurudi ndiko kulikonifunza. Mbele yangu alikuwa Tekla, msichana wa darasa langu, mwembamba, mkimya, ngata yake ya majani kichwani na debe juu yake. Kwenye kona ya juu mguu uliteleza. Debe likaruka, likabingirika mpaka kichakani, na yeye akakaa palepale njiani akalia. Goti lilikuwa linatoka damu lakini silo lililomliza.

Mwenzake akamwambia, "Nyamaza, hayakuwa ya kunywa. Ni maji ya gauni."

Tekla akajibu huku anajifuta kwa kiganja, "Bora yangekuwa ya kunywa. Ya kunywa hayaulizwi. Ya gauni yataulizwa."

"Maji ya gauni ni yapi?" nikauliza.

Mwenzake akashughulika na ngata yake. Mwishowe Tekla akasema, bila kuniangalia, "Ni yako, Mwalimu. Ya gauni lako. Tunayaita hivyo tusije tukayachanganya."

Nilimfunga goti kwa kitambaa changu cha kichwa tukapanda.

Tangu siku ile gauni jeupe likaanza kuniwasha mwilini. Nikilivaa nakaa kidogo nasimama, nasimama kidogo natembea. Nikiandika ubaoni naona mkono mweupe wa gauni nasahau herufi. Nikaanza kujiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza: kama nisingepewa na mtu, ningevaa nini? Maana fikiri. Nguo za utotoni alichagua Mama. Halafu ukachagua wewe. Halafu shule, halafu chuo, halafu Bibi Mkuu. Mwili ni wangu na umri huu wote sijawahi kuuvisha mwenyewe.

Siku zile nilikuwa nimepata sukari iliyofungwa katika kipande cha gazeti, na kwenye kipande hicho kulikuwa na picha ya wanawake wa Afrika Magharibi. Wamevaa vitambaa vikubwa vya maua makubwa, vilemba vimesimama, na wao wenyewe wamesimama kama watu waliojenga nyumba ile iliyo nyuma yao. Nikakinyoosha, nikakipachika ukutani juu ya kitanda. Sikutaka kuvaa kama wao. Nilitaka kusimama vile.

Nikawa naangalia watu nguo zao kama mwendawazimu. Wanawake wa huku shambani wanavaa kaniki, ile nguo nyeusi yenye ubuluu, wameifunga juu ya matiti. Mama yake Tekla ni mmoja wao. Yeye ni Mmakonde wa zamani, ana ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, hajabatizwa, na anapopita na kuni kichwani kaniki yake haionyeshi vumbi, haionyeshi jasho, inamkaa kama alizaliwa nayo. Nikajiambia, basi jibu liko hapa njiani kila siku.

Shule ilipofungwa nikapanda lori kwenda Masasi. Dukani kwa Mhindi nikanunua kaniki nzito, nikamtafuta Fundi Bakari, Myao mmoja mwenye cherehani kwenye baraza. Nikamweleza ninachotaka: gauni la kunyooka, mikono ifike kwenye kiwiko, chini lipite magoti vizuri, na mifuko mikubwa miwili ya chaki na funguo.

Akaishika kaniki, akaigeuza, akaniangalia. "Mwalimu, hii haishonwi. Hii hufungwa."

"Wewe ishone."

"Mifuko kwenye kaniki?"

"Miwili."

"Watu wakiniuliza nani kanituma?"

"Waambie mwanamke mmoja wa Newala hajui nguo."

Akacheka mpaka akavua miwani. Lakini alishona, dada, na alishona vizuri. Nilipolivaa nyuma ya pazia lake nilitembea huku na huku, nikainama, nikainua mikono, nikatia mikono mifukoni. Hakuna kilichonibana. Nilihisi kama nimetoka kuoga.

Siku ya kwanza darasani wasichana walianza kusukumana viwiko. Kufika saa za jua kali nikaona hawawezi tena kujizuia. Kaniki ilikuwa inachuja! Jasho limeiyeyusha, shingo yangu ya buluu, mikono ya buluu, na nilipojifuta uso nikaongeza na paji. Nilicheka nao mpaka machozi. Lakini jioni, njiani, nilikutana na Mama Tekla. Akatua kuni, akanizunguka, akapitisha kidole kwenye mshono wa mfuko.

"Leo Mwalimu umevaa nguo ya watu," akasema. "Sasa nikikuona mbali sitapiga kona."

"Ulikuwa unapiga kona, Mama?"

"Nguo nyeupe ile? Naogopa kukuchafua."

Nikaenda nyumbani nimejaa furaha. Nikaingia. Mama Danieli alikuwa anachambua kunde. Akainua macho, akaniona, ungo ukamponyoka. Aliokota kunde mojamoja, akaingia chumbani kwake. Kuanzia siku hiyo ikawa "Shikamoo, Mama," "Marahaba," na basi. Chakula tunakula pamoja, lakini yeye ameelekea ukuta.

Bibi Mkuu aliniita ofisini. Hakupandisha sauti. "Mwalimu Ruti, hapa walimu huvaa nyeupe. Naomba unieleze."

Nikamwambia, "Bibi, gauni jeupe linataka maji mengi."

"Lakini maji yanaletwa."

"Yanaletwa na nani, Bibi?"

Nikamweleza njia ya bondeni, kishimo, kona ya juu, goti la Tekla. Alisikiliza akichezea kalamu. Sikujua kama nitapewa barua ya kurudi kwetu. Baada ya siku chache akatangaza mbele ya walimu wote: nyeupe ibaki ya Jumapili tu, na kuanzia sasa wasichana wasiteke tena maji ya kufulia nguo za walimu. Kila mwalimu ajitafutie mwenyewe.

Nilidhani nitashukuriwa. Dada, walimu wenzangu walinijia juu kama nyuki. "Umekuja jana na leo umetuletea balaa." "Uende wewe bondeni na miaka yangu hii?" Wengine walipata ndugu wa kuwatekea, wengine waliwatuma watoto wao wenyewe, na sijui kama watoto hao walifurahi. Mama Danieli hakunijia juu wala hakumtuma mtu. Yeye ana goti bovu, na mtoto wake mmoja yuko kazini Ndanda. Jumapili ya kwanza alivaa gauni la juma lililopita. Ya pili pia. Kwenye pindo vumbi jekundu lilianza kuonekana, na nilimwona akilikung'uta kwa siri kabla ya kuingia kanisani.

Hilo ndilo lililonishinda. Jumamosi iliyofuata nikachukua debe nikateremka. Sikujua kubeba, unanijua. Nilivyofika nyumbani nusu yake ilikuwa mgongoni mwangu na shingo haigeuki. Mama Danieli alikuwa amekaa kizingitini, mguu amenyoosha.

"Hayo ya nini?"

"Ya gauni lako, Mama. Kesho Jumapili."

Akalitazama debe. "Unayachukia magauni meupe, halafu unayabebea maji."

"Siyachukii, Mama. Nilichukia kubebewa."

"Keti."

Nikakaa chini karibu na mguu wake. Akaniambia, na nakuandikia kama alivyosema. "Bibi yangu, mama wa mama yangu, aliuzwa akiwa mtoto huko upande wa Nyasa. Akapelekwa pwani kwa miguu. Alipokombolewa, misheni ilimleta huku Masasi pamoja na wenzake waanze kijiji. Mwilini alikuwa na kipande cha kaniki tu. Ndicho watumwa walichovishwa. Alipobatizwa akapewa nguo nyeupe, na hakuvaa tena nguo ya giza mpaka anakufa. Tulimzika na nyeupe. Mimi nilikuwa mdogo, nilishika pindo."

"Sikujua, Mama."

"Ungejuaje, mtu wa Muheza? Wewe uliingia dukani ukachagua. Yeye hakuulizwa. Siku ile ulipoingia mlangoni na nguo yako, sikukuona wewe. Nilimwona yeye, mtoto, kabla hajafika."

Nikamuuliza, "Niiache?"

"Sikukwambia uiache," akasema. "Nimekwambia ninachokiona."

Sasa nifanye nini na neno hilo? Gauni lilelile linamfanya Mama Tekla asipige kona, na linamrudisha bibi wa Mama Danieli kwenye njia ya pwani. Nikawa nalivaa darasani, na nikikaribia nyumbani naingia ghalani navaa khanga juu yake. Asubuhi navua khanga ghalani. Navaa, navua, kama mwizi. Nilichoka, dada. Hapo ndipo nilipokuandikia kile kikaratasi cha haraka.

Ninachotaka ni hiki, na nimekifikiria sana. Sitaki nguo nyingi. Nataka ya kazini yenye mifuko, isiyotaka maji mengi, na isiyotia watu buluu. Rangi ya giza lakini isiwe kaniki. Kahawia ya ganda la korosho ingefaa sana, au kijani cha majani makavu. Nataka ya kanisani ambayo Mama Danieli anaweza kukaa nayo benchi moja bila kuumia. Na nataka moja ya manjano, manjano ya bibo lililoiva, isiyo na sababu yoyote. Hiyo nitaivaa siku nitakapoitaka. Na kitambaa ukikipata, dada, nakuomba usikishone. Usikasirike. Mkono wako unapita wa mafundi wote wa baraza za Masasi, lakini ukinishonea wewe nitavaa mtu unayemwona wewe, na huyo amefunga vifungo vyote. Niache nikosee mwenyewe.

Sasa kuna habari niliyokuwa naizungukia. Mwezi uliopita Askofu alikuja kuwapa wasichana kipaimara. Wote huvaa nyeupe. Tekla alikuwa amejifunza kuliko wote, lakini siku zilipokaribia akaja kuniambia atangoja mwaka mwingine, kwa sababu baba yake amesema kitambaa kitangoja pesa ya korosho. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema kesho ni Jumanne. Nikaingia chumbani nikatoa lile gauni lenye lesi yako. Nililishika muda mrefu. Kisha nikachukua mkasi wa Mama Danieli nikalikata, nikalipunguza mabega na kiuno, nikamshonea. Limekatwa, dada. Halirudi. Lia kidogo kama unataka, mimi nililia.

Asubuhi yake, siku moja kabla ya ibada, Mama Tekla alitokea uani kwetu na debe kichwani, anahema, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Amekuja kulifua. Nikamkimbilia kumtua, nikasema, "Mama, hapana, nitalifua kwa maji yangu."

Akanisogeza kwa mkono. "Mwalimu, haya ni maji ya gauni la mwanangu. Yangekuwa ya gauni lako ningechoka njiani."

Akalifua mwenyewe, taratibu, akalisuuza, akalinyanyua juani kulitazama. Nilikaa namwangalia na nikaona kwamba mimi nilikuwa nimeligombeza jeupe kumbe halina kosa lolote.

Mchana ule nikakumbuka kwamba mimi sasa sina la kuvaa. Jeupe moja lina doa la bibo kifua kizima, jingine ni la Tekla. Limebaki la kaniki. Nikamwendea Mama Danieli, alikuwa anapiga pasi.

"Mama, kesho sina nguo ila ile. Nitakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, usinione."

Akaiweka pasi kwenye kigae chake. "Bibi yangu, kabla hajabatizwa, alikaa nyuma. Chini, karibu na mlango. Mama yangu alinionyesha mahali penyewe." Akaikunja nguo yake, akaikunjua tena. "Ukivaa hiyo, hukai nyuma. Utakaa mbele, na utakaa na mimi."

Basi tukaenda hivyo, yeye jeupe kama kawaida, ameshika mkono wangu, mimi na kaniki yangu na mifuko yangu. Vichwa vikageuka. Mwalimu mmoja akamnong'oneza mwenzake. Bibi Mkuu alituona, akasogeza vitabu vyake tukapata nafasi. Tekla alipopita mbele na wenzake, lesi ilikuwa imezidi kidogo shingoni, lakini alitembea polepole kama aliyezaliwa ndani yake.

Mama Danieli akageuka kutazama nyuma. Pale mlangoni, chini sakafuni, alikuwa amekaa Mama Tekla na kaniki yake, anainua shingo amwone mtoto wake katikati ya migongo ya watu. Mama Danieli akasimama. Nikadhani goti limemuuma. Askofu ameshanyoosha mkono juu ya msichana wa kwanza, kanisa zima kimya, na huyu mama akashuka njia ya katikati akichechemea, tak, tak, mpaka mlangoni. Akamwinamia Mama Tekla. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona Mama Tekla akikataa kwa kichwa, akakataa tena. Kisha nikamwona akishikwa mkono, akisimama, wakija wote wawili mbele ya macho ya watu wote, pole pole kwa ajili ya lile goti. Mama Danieli akamketisha kwenye benchi letu, mahali penye kuona vizuri kabisa, na yeye akajibana pembeni. Mkono hakuuachia. Alikuwa ameushika mpaka zamu ya Tekla ilipokwisha, na viganja vyake vyote viwili, kile alichonishika mimi na kile alichomshika Mama Tekla, vilikuwa vimeingia buluu ya kaniki.

Ungetegemea baada ya hapo nimetulia. Wapi. Huko Lupaso, upande wa Masasi, wanatafuta mwalimu mwanamke wa kuanzisha darasa la wasichana, na nimeandikisha jina langu bila kumuuliza mtu. Mama Danieli aliposikia alinuna siku nzima, halafu akaanza kuniuliza maswali ya sufuria na blanketi. Sijui kama watanichagua. Wakinichagua sijui kama nitakaa. Nikipita njiani naangalia nguo za watu, nachora mikono na mifuko pembeni mwa karatasi za hesabu, na usiku mwingine nasikia kama ardhi yenyewe inajigeuza, inataka kuvaa kitu kingine. Labda ni mimi tu.

Nisalimie Mama, mwambie simwombei mguu tu, namwombea na moyo, asinifikirie kwa hofu. Baba mpe shikamoo yangu na umfiche ile baiskeli. Shemeji mwambie alinde bustani ya machungwa, nakumbuka harufu yake. Shangazi yetu wa Magila, msimamizi wa kina mama, mwambie nimesimama vizuri. Binamu yetu anayepiga kinanda, mwambie huku wanaimba kwa sauti nne bila kinanda na hawakosei. Samweli mbusu pale pasipo na jino.

Mama Danieli amepita sasa hivi nyuma yangu, ameuliza naandika kwa nani kurasa zote hizi. Nimemwambia kwa dada yangu. Amefikiri kidogo, akasema, "Mwandikie kwamba hutulii, lakini huku una wa kukutazama." Nimeandika kama alivyosema.

Mdogo wako akupendaye,
Ruti